Mizani ya Elimu ya Ufundi

Je, yafaa elimu kupimwa kwa fedha? Swali hili ni la zamani, na watu wamegawanyika makundi mawili juu yake. Kundi la kwanza husema kuwa elimu ni nuru, na nuru haiuzwi kwa ratili. Aulizaye faida ya elimu kabla ya kuitafuta amekwisha kuidhalilisha. Kundi la pili husema kuwa chuo ni duka kama duka jingine lolote. Mtu huenda na fedha zake, na asiporudi na kitu chenye thamani zaidi ya alichotoa, amepunjwa. Kundi la kwanza lina heshima nyingi na hesabu chache. Kundi la pili lina hesabu nyingi, walakini nusu ya hesabu zake ni za makosa. Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba kupima elimu si aibu, na kwamba kwa maskini kupima ni wajibu. Aibu ni kupima kwa mizani mbovu.

Mahali pa kufikiria jambo hili ni Mwembe Tayari, katika kisiwa cha Mombasa. Husimuliwa kuwa zamani, kabla ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, misafara ya kwenda bara ilikusanyika hapo chini ya mwembe, na haikuondoka mpaka watu wote wawe tayari. Mpagazi wa siku hizo alichukua mzigo wa ratili sitini au sabini hivi, kichwani au begani, kwa miezi mingi. Aghalabu alipewa sehemu ya ujira wake kabla ya safari, akawaachia watu wake. Basi alitoka mjini na deni la miguu: fedha imekwisha kuliwa, na njia ingali mbele. Hapana shaka mpagazi mwenye akili aliujaribu uzito wa mzigo wake kabla ya kukubali kuubeba. Kijana aingiaye chuoni leo kwa mkopo, au kwa jasho la mzazi wake, yumo katika hali ile ile. Amekwisha kupokea, njia hajaianza.

Misafara ile haipo tena. Siku hizi Mwembe Tayari ni soko la mboga na matunda, na njia ya magari na mikokoteni. Hamali husukuma viazi, vitunguu na magunia ya kabeji tangu alfajiri. Tuweke mfano wetu hapo. Mama mmoja anauza mboga katika soko hilo. Ana watoto wawili. Mkubwa ni mvulana wa miaka kumi na minane, aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama zinazomruhusu kusoma stashahada ya ufundi wa umeme kwa miaka mitatu. Mdogo ni msichana wa kidato cha pili. Tangu mtihani wake kijana husukuma mkokoteni wa kukodi, na baada ya kulipa kodi ya mkokoteni na kula chakula cha mchana hubakiwa na shilingi 500 kwa siku. Fedha hiyo huingia nyumbani. Kijana anasema, “Mama, nataka kusoma.” Mama anajibu, “Mwanangu, nami nataka usome. Lakini tutakula nini?” Jibu la mama si la ujinga, wala si la uvivu. Ni mwanzo wa hesabu.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kuwa gharama ya elimu ni karo peke yake. Miaka michache kabla ya 2020 Serikali ya Kenya ilipanga karo ya vyuo vya ufundi vya umma iwe shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali yenyewe ilijitwika shilingi 30,000, na mwanafunzi akaachiwa shilingi 26,420, ambazo aliweza kuziombea mkopo. Mwaka 2023 ulikuja mpango mwingine wa malipo, lakini tuzitumie tarakimu hizo kwa ajili ya mfano wetu. Kwa miaka mitatu, sehemu ya mwanafunzi ni shilingi 79,260. Mtu akitazama hapo tu atasema kuwa mzigo si mzito sana.

Sasa tutazame upande ambao wengi husahau. Kijana akiwa darasani hasukumi mkokoteni. Tukihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka kwa shilingi 500, anapoteza shilingi 150,000 kila mwaka, na kwa miaka mitatu shilingi 450,000. Hii ni zaidi ya mara tano ya karo. Chakula na malazi hatuvitii katika hesabu, maana angekula na kulala hata kama asingesoma. Akifanya kazi siku za likizo atapunguza hasara kidogo. Akihitaji nauli, vitabu na vifaa ataiongeza. Kwa wepesi wa mfano, gharama ya kweli ya stashahada yake ni shilingi 529,260. Jirani aliyemwambia mama kuwa chuo cha serikali ni rahisi amehesabu sehemu moja katika saba. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujira usiopokewa ni mali pia, ingawa haukupata kuingia mfukoni.

Tugeuze mizani tutazame faida. Tuseme kijana amehitimu akapata kazi, na kwamba fundi mpya wa umeme hupata shilingi 800 kwa siku. Amemzidi hamali kwa shilingi 300, yaani shilingi 90,000 kwa mwaka. Itamchukua miaka sita kasoro kidogo kurudisha gharama yote. Alianza akiwa na miaka 18, alimaliza akiwa na 21, na hatakuwa amefika mahali pa kusema “sasa nimepata faida” mpaka awe na miaka kama 27. Mwenye haraka atavunjika moyo kwa hesabu hii. Lakini asiifunge daftari mapema. Kutoka miaka 27 hadi miaka 55 kuna miaka 28, na tofauti ikibaki ile ile, faida yake ni shilingi 2,520,000. Na yawezekana isibaki ile ile. Mkokoteni haumwongezi mtu thamani. Hamali wa miaka arobaini hupandisha mlima ule ule kwa mgongo uliokwisha choka, na pengine hulipwa chini ya kijana wa miaka ishirini. Fundi wa miaka arobaini ameona hitilafu nyingi, na kila hitilafu aliyoitengeneza imemwachia akiba kichwani. Ndiyo maana husemwa kuwa ujuzi hauzeeki. Mwili huzeeka; na anayeuza nguvu za mwili huuza kitu kinachopungua kila mwaka.

Msomaji ataona kuwa nimesema mara nyingi “tuseme” na “ikiwa”. Hilo si pambo la maneno. Gharama ya elimu hulipwa leo nayo ni ya hakika; faida yake huja kesho nayo ni ya matumaini. Mombasa ina mfano ulio karibu. Reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Mwezi wa Agosti 2019 ilitolewa amri kuwa makasha ya mizigo yanayotoka bandarini kwenda Nairobi na mbele yake yachukuliwe kwa reli hiyo. Amri ilipingwa kwa maandamano na mahakamani, na mwezi wa Septemba 2022 iliondolewa. Katika muda huo madereva wa malori, mafundi wa gereji na wenye hoteli za kando ya barabara waliona kazi zao zikipungua. Fikiri habari ya kijana aliyeanza kujifunza ufundi wa malori mwaka 2017 kwa kuwa malori yalikuwa mengi. Hakukosea hesabu, dunia iligeuka chini ya miguu yake. Basi mwenye busara hajifunzi ufundi wa mashine moja kwa ajili ya mlango mmoja. Hujifunza misingi, ili mlango mmoja ukifungwa aweze kubisha hodi kwingine. Na katika daftari yake hutenga mwaka mmoja au miwili ya kungojea kazi, jinsi nahodha atengavyo maji ya akiba.

Kosa la pili ni kudhani kuwa kinachonunuliwa ni cheti. Cheti ni ahadi; mkono ndio utimizo. Mtu mwenye stashahada ya umeme asiyeweza kutafuta waya uliokatika ndani ya ukuta ana karatasi yenye muhuri, na muhuri hauwashi taa. Kwa hiyo kijana asiulize chuoni karo tu. Aulize pia: Je, mashine za karakana zinafanya kazi, au zimefunikwa turubai? Mwanafunzi hushika vifaa saa ngapi kwa juma? Wanafunzi hupelekwa wapi kujifunza kazini? Waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi sasa? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko matangazo yote, na jibu lake hupatikana kwa miguu, kwa kuwatafuta wahitimu wenyewe na kusema nao. Kuuliza si ujinga. Anayenunua samaki hufunua matamvua. Kwa nini anunuaye miaka mitatu ya maisha yake aone haya kufunua?

Kadhalika ajue kuwa njia si moja. Ziko kozi fupi kuliko stashahada, ambazo gharama yake ni ndogo kwa kuwa humrudisha mtu kazini mapema. Iko pia njia ya kujifunza kwa fundi wa jua kali, kisha kufanya majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza. Kijana aliyekaa kwa fundi mwema miaka miwili, akipata posho kidogo na kujifunza mengi, huenda akawa mbele ya mwenzake aliyekaa katika karakana isiyokuwa na umeme. Stashahada ina faida ambayo njia hizo hazina: humfundisha mtu sababu za mambo na hesabu zake, na humfungulia mlango wa kusimamia kazi na kuendelea na masomo. Lakini faida hiyo ni ya yule atakayeitumia.

Kosa hili la kuthamini jina kuliko kazi si la vijana peke yao. Mataifa nayo huingia ndani yake. Kule Tudor, si mbali na Mwembe Tayari, kiko chuo kilichopewa hati mwaka 1948 kikafungua milango kwa wanafunzi wake wa kwanza mwezi wa Mei 1951. Kiliitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Kilianzishwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, na nia yake ilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote pasipo kutazama dini. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki. Na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Politekniki ya Kenya ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, nayo ilifanywa chuo kikuu mwaka huo huo 2013. Si vibaya mtoto akue. Vyuo hivyo bado hufundisha stashahada pamoja na shahada. Walakini mtu aweza kuuliza: mbona kukua kwa politekniki zetu mbili kongwe kulifikiriwa kuwa ni kuitwa vyuo vikuu? Katika mwaka ule ule 2013 ilitungwa sheria mpya ya elimu ya ufundi, na tangu hapo serikali imejenga vyuo vya ufundi katika sehemu nyingi za nchi. Yaani tulipandisha madaraja kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukaanza kutafuta mafundi.

Chanzo chake ni heshima. Katika nyumba nyingi mtoto mwenye shahada isiyo na kazi hutajwa mbele ya wageni, na mtoto fundi mwenye kazi huitwa bomba likivuja. Heshima ya namna hii ni gharama iliyofichwa. Humfanya kijana akimbie kazi aiwezayo na kufuata jina asilolihitaji, na bei ya jina hilo hulipwa na mzazi.

Je, basi yote yaingia katika mizani? Hapana. Fundi aliyefunga nyaya za nyumba kwa uaminifu huwalinda watu asiowajua, wanaolala usingizi pasipo kujua kuwa wamelindwa. Fundi asiyejua, au ajuaye akapunja waya ili apate faida, aweza kuiteketeza nyumba na waliomo. Tofauti ya wawili hao haionekani katika ujira wa siku ile. Pengine mwovu ndiye aliyepata zaidi. Tena kuna furaha ya kujua sababu ya jambo, na uhuru wa mtu asemaye, “Nikifukuzwa hapa, mikono yangu naondoka nayo.” Vitu hivi havina bei. Lakini haifai kuvitumia kama pazia la kukwepa hesabu. Mtu asiseme “elimu haina bei” wakati bei inalipwa na mwingine.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tumrudie mama wa Mwembe Tayari. Shilingi 500 za kila siku zikiondoka nyumbani kwake, pengo litazibwa na nani? Huenda likazibwa na mama kwa kuamka saa tisa za usiku badala ya saa kumi. Huenda likazibwa na yule msichana wa kidato cha pili, atakayeambiwa siku moja kwa sauti ya upole akae nyumbani muhula huu, amsaidie mama sokoni mpaka kaka amalize. Hakuna aliyemwuliza. Jina lake halimo katika fomu ya chuo, wala katika hati ya mkopo. Hata hivyo yeye ndiye mlipaji mkubwa kuliko wote, maana analipa kwa elimu yake mwenyewe. Hesabu inayomwacha nje ni ya uongo, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Mkopo waweza kumwokoa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995, na baadaye mikopo yake iliwafikia wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia. Lakini mkopo hulipa karo, na tumekwisha kuona kuwa karo ni sehemu ndogo. Tena kwa miaka mingi mkopo huo ulikuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na Waislamu wengi wa pwani waliona taabu katika dhamiri zao, kwa kuwa riba kwao ni haramu. Dhamiri ya mtu nayo ni uzito, wala haifai kuchekwa na wale ambao mizani yao haina nafasi ya kuiweka.

Kwa hiyo kupima si tamaa. Tamaa ni kupima faida yako peke yako. Kupima kwa haki ni kuuliza maswali matatu: Gharama ni kiasi gani, yote pia? Itarudi baada ya muda gani, ikiwa mambo yatakwenda vibaya kidogo? Na ni nani atakayeilipa? Kijana akiketi na mama yake na dada yake juu ya mkeka, akaandika majibu ya maswali hayo kwa kalamu, amekwisha kufanya jambo la kiungwana kabla ya kuingia darasani. Pengine wataona kuwa asome stashahada, na siku za likizo arudi katika mkokoteni ili dada asitolewe shuleni. Pengine wataona kuwa aanze na kozi fupi, afanye kazi miaka miwili, kisha aendelee mwenyewe kwa fedha yake. Pengine wataona kuwa angoje mwaka mmoja. Katika hayo hakuna la aibu. Mimi, kwa mfano nilioutoa, ningemshauri aende, maana miaka 28 ya faida ni mirefu kuliko sita ya deni, na mgongo wa hamali haungoji. Lakini ningemshauri aende kwa sharti moja: jina la dada yake liandikwe katika daftari kama mdai wa kwanza, na shilingi ya kwanza ya ufundi wake iende katika karo ya msichana huyo.

Wanafunzi mnaosoma maneno haya, wengi wenu mtasimama karibuni mahali ambapo njia huachana. Msione haya kuhesabu, wala msiwacheke wanaohesabu. Jaribuni uzito wa mzigo kabla ya kuuinua, kama yule mpagazi wa zamani; na mkiisha kuuinua, kumbukeni ni nani waliokula kidogo ili ninyi mpate posho ya njiani. Hapo ndipo mtu aweza kusema kuwa yu tayari.